Kwa nini manganizi ina namba nyingi hivyo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano hapa Igoma, Mwanza. Namba ya oksidisho (idadi ya elektroni ambazo atomu imetoa au imetumia kuungana) ya kalsiamu ni +2 tu basi, ila manganizi mara +2 mara +4 mara +7, tunakariri mpaka kichwa kinauma. Inakuwaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, usikariri kabisa hiyo, ielewe. Kalsiamu ina elektroni mbili za nje kwenye 4s (4s, 3p na 3d ni majina ya vyumba vya elektroni ndani ya atomu), zikitoka hizo ya tatu iko ndani huko 3p, kuing'oa ni nishati kubwa mno so inaishia hapo. Sasa manganizi ina mbili za 4s na tano za 3d na nishati zao zinakaribiana sana, kwa hiyo zikitoka za 4s (zinaanza hizo, wengi mnakosea hapa) za 3d nazo zinaweza kutumika, mbili kujumlisha tano ndo hiyo saba yako.

Hesabu mwenyewe KMnO4 (pamanganeti ya potasiamu), jumla yake ni sifuri: oksijeni nne za -2 ni -8, potasiamu +1, manganizi lazima iwe +7. Ile zambarau nzito ya maabara ndo hiyo, ikishuka +6 inakuwa kijani, +2 pinki hafifu karibu haionekani, na ule unga mweusi wa betri za redio una +4. Mi hizi rangi nazipenda sana kwa kweli.

Chuma nenda mwalo wa Kirumba kaangalie misumari ya mitumbwi, kutu ile ni +3.

Zinki yenyewe +2 tu, 3d yake imejaa so za humo hazitoki.