Ukingo Unanishinda

SWALI: Shangazi, kila Jumanne namsukuma mama kwa kiti cha magurudumu kwenda kliniki hapa Makadara. Njia ya miguu inaishia kwa ukingo wa sentimita 15. Juzi alianguka, ndizi zikatawanyika. Fundi anataka kumwaga karai la zege pale. Nikubali?

JIBU: Pole, mwanangu, na mama pia. Karai moja? Hapana! Kila sentimita 1 ya kimo yahitaji 12 za mteremko. Ukingo wako wadai mita 1.8. Tena zege likiziba mtaro, mvua ya Aprili itawatembelea nyumbani. Piga picha, waandikie wahandisi wa kaunti ukitaja Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kinacholinda haki za watu wenye ulemavu. Kwa sasa mshushe kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia.