Picha kali, maharusi wamekakamaa

SWALI: Napiga picha za harusi hapa Dodoma mjini. Picha zangu ni kali, ila maharusi wanatoka wamekakamaa. Mwenzangu mwenye kamera ya kawaida ndiye anayeitwa tena. Ninunue lenzi ya bei?

JIBU: Lenzi iache kwanza. Unainamia kamera kurekebisha mwanga huku bibi harusi anasubiri. Tabasamu halikai muda huo wote. Wahi ukumbini kabla ya wageni, ujaribu f/2.8 (uwazi wa lenzi), ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na kasi ya 1/100, yaani lenzi inapokea mwanga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Kasi hiyo ina sababu: umeme wetu ni hezi 50, hivyo taa za LED za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde, na ukipanda hadi 1/500 picha huingia mistari myeusi. Wakianza kucheza, 1/100 itatoa picha zenye ukungu, kwa kuwa wanasogea. Washa flashi uielekeze darini, mradi dari ni jeupe na si turubai.

Za nje piga saa 11 jioni, maana jua la mchana huku hufinyisha macho. Usiseme "tabasamu". Mwambie bwana harusi amnong'oneze mwenzake kitu, kisha piga nne mfululizo. Ya kwanza huwa na aibu. Wazee wape shikamoo kabla ya kuwapanga. Asiyesalimiwa hasogei, hata MC amsihi vipi.