Baraza ni la Robo Mwaka, Kata ni ya Kila Siku

Wanangu madiwani mlioapa juzi, nawapenda, lakini uvumilivu unaniishia. Kila nikipita Ngamiani hapa Tanga namsikia diwani mpya akimwambia mwenye shida, "Nitalifikisha barazani." Baraza la kawaida hukaa mara moja kila robo mwaka. Bomba lililopasuka Makorora haliwezi kungoja kikao. Hilo ni la Tanga UWASA, mamlaka ya maji: piga simu leo, kesho piga tena.

1. Jua mlango wa kila jambo. Barabara za mitaa na mitaro yake ni TARURA, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, nguzo iliyoinama ni TANESCO, na hakuna hata mmoja wao anayepokea amri kwako. Nenda na barua ya mtendaji wa kata, picha, na mwenyekiti wa mtaa husika. Huyo mwenyekiti msimruke. Alichaguliwa Novemba 2024, karibu mwaka mzima kabla yenu, na ndiye anayegongewa usiku.

2. Ardhi. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, hata baraza la ardhi la kata haliamui tena mgogoro, linasuluhisha tu. Siku 30 zikipita bila suluhu, wenye kesi waende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sasa wewe unakwenda Pongwe kuwaonyesha watu mpaka kwa fimbo, kwa mamlaka gani? Wasikilize, watulize, waelekeze.

3. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgao mnaujua: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, bila riba. Mikopo ilisimama 2023, ikarudi 2024 na taratibu mpya, kwa hiyo someni za sasa.

Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Nilikuwa na diwani mwenzangu, simtaji, mtu mwema na hodari wa kusema. Kina mama wauza samaki wakamfuata. Walikuwa na katiba, akaunti ya benki, na muhtasari wenye saini zote. Walichokosa ni kujua pa kuanzia. Akawaambia, "Nipeni mimi, nitapeleka mwenyewe." Alitaka kweli kuwasaidia. Lakini maombi hayapiti kwa diwani. Yanaanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, anayekuja kukiona kikundi na shughuli yake kabla hayajapanda juu. Bahasha ikabaki kwenye gari. Kina mama nao hawakwenda kwa afisa, kwa sababu mheshimiwa alishasema liko mikononi mwake. Mmoja wao mtaji ukakata, akachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, akiamini mkopo wa halmashauri ukitoka ataifuta. Majina ya vikundi yakabandikwa, chao hakimo. Hawakukataliwa, maana maombi yao hayakufika popote. Yule mama akauza friji aliyokuwa akihifadhia samaki, na marejesho bado yakaendelea kudaiwa.

Kilichotakiwa siku ile kilikuwa kidogo sana: "Twendeni kwa afisa, tukae naye mpaka awape tarehe ya kuja kuwaona." Msipokee bahasha za watu. Wapelekeni wenyewe mpaka mezani, na wajue jina la anayeshughulikia, ili hata ukiwa safarini mambo yao yaendelee.

4. Msibani nenda, kaa mkekani, beba jeneza, zika. Kipaza sauti waachie wenyewe. Ukiahidi mabati ya madrasa makaburini, siku hiyo hakuna atakayekuuliza, watakuuliza kwenye arobaini.

5. Weka daftari: jina, mtaa, shida, mlango ulikopelekwa, siku ya kurudisha jibu. Rudisha hata jibu baya. Mtu akiambiwa mapema kwamba bajeti haina fungu, atajipanga. Asipoambiwa atarudi ofisini kwako wiki baada ya wiki, kwa nauli ya bodaboda aliyopaswa kununulia unga.

Daftari hilo ndilo uingie nalo kwenye WDC, kamati ya maendeleo ya kata, kwa sababu mwenyekiti wake ni wewe. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Mtaro wa Msambweni usipoingia kwenye mpango wa kata miezi kadhaa kabla ya hapo, usitegemee utachimbwa Agosti. Anzeni na shida zinazojirudia mtaa kwa mtaa, na mtendaji aziandike kwenye muhtasari zikiwa na jina la mtaa na idadi ya kaya.