Jibu: Je, anthropolojia ya dini itanipotezea imani?

Ndugu, umeuliza kama kozi hii itakuondolea imani, na kama ni unafiki kukaa kwenye ibada za wengine ukiandika. Niliingia darasani na hofu hiyohiyo, na imani yangu ninayo hadi leo.

Somo hili haliulizi kama Mungu yupo. Linauliza watu wanafanya nini, wanasema nini, na wanachoamini kinapangaje maisha yao. Mfano ulionifungua macho ni wa Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi na Wazande, kabila la Afrika ya kati, miaka ya 1920. Ghala la nafaka linawaangukia watu waliojipumzisha kivulini. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa ndio waliokula nguzo. Swali lao ni jingine: kwa nini lianguke saa hiyohiyo, juu ya watu haohao? Hapo ndipo uchawi unapoingia. Nilizisoma kurasa hizo za kitabu chake mara tatu, maana nilizoea kudhani anayeamini uchawi hajui sababu za kawaida.

Kuhusu ibada, omba ruhusa kwanza na useme wazi kuwa wewe ni mwanafunzi. Daftari lisitoke mbele ya mtu anayelia, tafadhali. Andika usiku huohuo kabla hujalala; asubuhi utakuwa umesahau nani alikaa wapi. Usomaji ni mwingi, hilo utalizoea.

Ukipewa kazi ya kwanza ya uwandani, chagua ibada usiyoijua kabisa. Ile ya kwenu utaiona ya kawaida mno, na mambo makubwa yatakupita.