Una msambu shambani? Soma hii kabla hujauza mbegu

Ndugu zangu wa Amani na vijiji vyote vya Usambara Mashariki, na nyie wa Nguru na Uluguru, naona kila msimu watu wanajaza mbegu za msambu, ule mti wa msituni wenye mbegu za mafuta, kwenye magunia wanampa mtu wa kwanza anayepita na pikipiki. Inaniuma kweli. Huu mti unaota Tanzania tu, duniani kote hakuna kwingine, halafu tunauuza kama takataka.

Ushauri wangu ni mmoja tu: usitegemee kuuza mbegu peke yake, bakiza za kukamua mwenyewe uuze mafuta. Mbegu ina wanunuzi wachache, kwa hiyo bei wanapanga wao. Miaka ya 2000 kampuni ya Unilever na wenzao walipoanza kununua mbegu huku watu walifurahi sana, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya ukaruhusu mafuta haya yatumike kwenye majarini, ikaonekana kama tumetoboa. Lakini mnunuzi mkubwa akipunguza oda, wewe huko kijijini unabaki na gunia lako. Mafuta ni tofauti, kastoma yupo hapo hapo jirani, bibi zetu walikuwa wanayapikia na kujipaka kabla hata hao wageni hawajasikia jina la msambu.

Sasa kazi yenyewe. Matunda hayachumwi, unasubiri yadondoke yenyewe, na usipite chini ya mti ovyo maana tunda moja linaweza kuzidi kilo mbili likikupata kichwani ni habari nyingine. Msimu ukianza pita mara kwa mara, panya buku nao wanazipenda hizo mbegu balaa. Ila usiokote zote! Panya anafukia mbegu ardhini anasahau baadhi, ndo hizo zinakuja kuwa miche, tena zinachelewa sana kuota, miezi na miezi, kwa hiyo ukisafisha chini ya mti kila msimu usishangae baadaye huoni mche hata mmoja.

Ukishaokota lundika kivulini ufunike na majani mpaka nyama ilainike, halafu unapondaponda kwa mikono unatoa mbegu. Zina ute unateleza, zisugue na gunia mpaka uishe. Baada ya hapo ni kukausha, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Amani mvua inafika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu ndo usiseme, ukianika chini kwenye turubai zinaota uvundo na mafuta yake yanakuja na harufu mbaya. Tengeneza chanja, anika tabaka moja, geuza kila ukipita, jioni ingiza ndani. Chukua mbegu utikise sikioni, ikilia ujue kiini kimeachia ganda. Isipolia rudisha kwenye chanja hata kama mnunuzi amesimama mlangoni. Na ukiamua kuuza mbegu dai mizani, usikubali ndoo ya kichuguu (iliyojazwa mpaka ikafanya mlima juu), hiyo ni lumbesa tu kwa jina lingine.

Kukamua kwa mkono: twanga kwenye kinu mpaka iwe kama uji mzito, chemsha na maji moto mdogo, mafuta yanapanda juu unayaengua, kisha unayarudisha jikoni peke yake mpaka maji yote yaishe (yakiacha kutoa kelele za kurukaruka, tayari). Kwa mashine kilo tatu hivi za mbegu kavu zinatoa kilo moja ya mafuta, kwa kinu utapata pungufu, usikate tamaa.

Kuhusu dawa niseme wazi. Wazee wetu wanayapaka kwenye viungo vinavyouma, vidonda na vipele, mimi mwenyewe shangazi yangu ananisugua magoti msimu wa baridi na nalala vizuri. Lakini usimwambie mtu yanatibu kisukari au presha ili chupa itoke haraka, utamchelewesha hospitali. Na ukitaka kuyatangaza kama dawa kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, usajili upo, fuata utaratibu. Mimi nayauza kama mafuta ya kupaka ngozi na yanatoka vizuri tu.

Halafu yanaganda, huku kwetu milimani ni magumu kama mshumaa mpaka yaguse ngozi ndo yanayeyuka, kwa hiyo funga kwenye kopo la mdomo mpana na umweleze kastoma mapema, la sivyo atarudi na kelele kwamba umechanganya na mafuta mengine.

Jambo la mwisho, hili naomba mnisikilize. Msambu una dume na jike. Unakuta mtu anafyeka mti kwenye shamba la iliki eti haujawahi kuzaa, anabaki na majike matupu halafu mbegu zikipungua anasema kuna mchawi. Dume halizai tunda, lakini chavua yake ndo inawafanya majike wazae, liache. Na mti ukiupanda kwa mbegu unaweza kusubiri miaka kumi na zaidi ndo uone tunda, kwa hiyo kama unataka kupanda leo tafuta miche ya kubebesha (iliyounganishwa na kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mti mwingine) kutoka kwa mtu anayejua kikonyo kimetoka kwenye jike au dume, panda majike mengi na madume machache katikati yao.