Vitafunwa vya pakiti kwenda kisiwani: hesabu siku kwanza, bei baadaye

Mkuu, umeuliza mambo mawili: uanze na kontena zima la krispi (chipsi kavu za pakiti) au uchangie na wengine, na je, usaini mkataba wa uwakala ambao kiwanda kimekuletea. Biashara hii nimeifanya miaka saba, na mwaka wa kwanza ulinimaliza mtaji. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Kwanza elewa kwamba krispi ni hewa. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo 33 hivi. Katoni zangu zilikuwa sentimita 60 kwa 40 kwa 30, zikaingia 390. Uzito wa mzigo wote haukufika tani moja, na kontena lenyewe linabeba zaidi ya tani 20! Nauli ya meli haijali hilo. Halafu ukifika forodha, nchi nyingi zinatoza ushuru juu ya thamani ya CIF, yaani bei ya mzigo ukijumlisha bima na nauli. Hewa ile ile uliyoilipia nauli unailipia na ushuru. Anayeagiza sukari hata haelewi unalia nini.

Siku hizi nachanganya. Biskuti na peremende chini, krispi juu. Biskuti ndizo zinazolipa nauli, krispi zinadandia tu. Ila kila bidhaa iandikwe kivyake kwenye ankara, maana biskuti ziko kundi la 1905 la forodha na krispi za viazi ziko 2005, na viwango vya ushuru vinaweza kutofautiana. Wakala wako wa forodha akiandika "vitafunwa" kwa jumla, jiandae mzigo kufunguliwa na kuhesabiwa katoni kwa katoni huku gharama za bandari zinakimbia.

Sasa siku, na hapa ndipo nilipoumia. Krispi zangu zilikuwa na uhai wa miezi sita, tuseme siku 180. Nikaona ni nyingi. Kumbe kiwanda kilinipakilia mzigo uliolala stoo siku 31, maana walitaka kuusukuma. Baharini hadi bandari kubwa, siku 26. Meli kubwa haziji kisiwani, kwa hiyo kontena likashushwa pale kusubiri meli ndogo: siku 17. Meli ndogo, siku 6. Bandarini kwetu, 12. Jumla 92. Nikabaki na siku 88 na nikajipa moyo, mpaka nilipoanza kuzungukia maduka. Wenye maduka wengi walikuwa hawapokei krispi zilizobakiza chini ya miezi miwili. Kwa hiyo siku zangu za kuuza zilikuwa 28 tu, kwa katoni 390, soko dogo, na mimi mgeni. Zilizododa nilizigawa kwa mali kauli, yaani chukua sasa ulipe ukishauza, na mali kauli ya bidhaa inayokaribia kuisha muda ni zawadi, tusidanganyane. Pesa yake sehemu kubwa sijaiona.

Kuchangia kontena kunapunguza hatari ya kuuza, lakini uliza jirani yako anapakia nini. Safari yangu ya pili nilichangia, na mwenzangu alikuwa na sabuni ya unga. Nilipofungua pakiti ya kwanza palepale stoo, nikatafuna, ilikuwa kama nimelamba beseni la kufulia. Chakula chenye mafuta kinanyonya harufu, na pakiti nyepesi hazizuii zote. Kingine ni jasho la kontena: mchana bati linachemka, usiku linapoa, unyevu unageuka matone darini na kudondokea katoni za juu. Nilizikuta laini, ukishika zinabonyea. Dai vifuko vya kunyonya unyevu na karatasi nzito juu ya katoni. Chokoleti achana nayo kama hulipii kontena la baridi. Siagi ya kakao inayeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na kontena juani linapita hapo bila shida.

Lebo imalizwe kiwandani. Kubandika stika bandarini ni adhabu. Viambato, vitu vinavyodhuru wenye mzio kama karanga, maziwa na ngano, jina na anwani yako mwagizaji, na lugha inayotakiwa na nchi yako. Tarehe waandike mwezi kwa herufi. Mzigo wangu mmoja ulizuiwa siku nne kwa sababu pakiti zilisema 05/09, kiwanda kikimaanisha tarehe tano Septemba, ofisa akasoma tarehe tisa Mei, kwamba imeshapita. Barua ya kiwanda ndiyo iliyoniokoa.

Na soko la kisiwa linashiba ghafla. Mnatumia meli ile ile, mnashusha siku ile ile. Mwenzako akileta kontena la bidhaa inayofanana na yako, bei inaporomoka wiki hiyo hiyo. Leta aina nyingi kidogo kidogo.

Kwa hiyo: anza kwa kuchangia, ukijua jirani yako ni nani. Mkataba usisaini bado. Wanakupa uwakala pekee lakini wanakubana kwa idadi ya makontena kwa mwaka, na kisiwa chako hakitaongeza watu ili kukusaidia. Ukifika wakati wa kusaini, pigania kifungu kimoja kuliko hata punguzo la bei: mzigo upakiwe ndani ya siku 10 tangu utengenezwe, na tarehe ya kutengenezwa ionekane kwenye picha kabla hujalipa salio. Kiwanda changu cha sasa kilikubali kwa simu moja. Kile cha kwanza nilikiandikia hivyo hivyo, hakijajibu hadi leo.