Maswali yenu: mkeka, kura za siri na medali ya Brownlow

Tangu nigusie futboli ya Australia wiki chache zilizopita, maswali yamekuja mengi kuliko nilivyotarajia, na karibu yote yanazunguka jambo moja: kubeti. Nimechagua machache.

Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam: "Kaka, nimesikia mwamuzi wa Australia alikamatwa kwa sababu ya kura za mchezaji bora. Kura zinabetiwaje? Na ni kura za nani hasa?"

Hapo ndipo penye utamu wa habari yenyewe, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Ligi kuu ya mchezo huo inaitwa AFL, na tuzo yake kubwa ya mchezaji mmoja mmoja ni medali ya Brownlow, iliyoanza kutolewa mwaka 1924. Wapiga kura si waandishi, si makocha, wala si mashabiki. Ni waamuzi wenyewe wa kati. Kila mechi ya msimu wa kawaida ikiisha, waamuzi wanakaa pamoja na kukubaliana: huyu kura tatu, huyu mbili, yule moja. Wanaandika, wanafunga, basi. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kujua mpaka usiku wa Jumatatu ya wiki ya fainali, mwezi Septemba, pale kura zinaposomwa raundi baada ya raundi mbele ya wachezaji waliovaa suti na wake zao waliovaa magauni ya gharama, na nchi nzima ikitazama kwenye televisheni.

Sasa piga hesabu. Msimu wa 2022 ulikuwa na timu 18, kila moja ikicheza mechi 22. Hizo ni mechi 198, na kila mechi ina kura sita. Maana yake zilikuwapo kura 1,188 zilizoandikwa na kufungwa, nyingine tangu Machi, na majibu yake yakakaa miezi sita yakisubiri kusomwa. Wenyewe wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata zilikuwa tatu kila mechi, maana mwaka huo mechi moja ilikuwa na waamuzi watatu wa kati. Tangu 2023 wako wanne.

Kampuni za kubeti hazikutosheka na kuuliza nani atashinda medali. Zilifungua pia dau la mechi moja moja: katika mechi ya timu fulani na fulani, nani alipewa kura tatu? Hebu fikiria vizuri swali hilo. Si ubashiri wa jambo litakalotokea. Jibu lipo tayari, limeandikwa kwa kalamu, na kuna watu wachache wanaolijua. Ni kama kuweka dau kuhusu alama za mtihani ambao mwalimu ameshausahihisha. Mtoto wa mwalimu akija na hela mkononi, utampokea?

Novemba 2022 polisi wa jimbo la Victoria wakawakamata wanaume wanne, mmoja wao akiwa mwamuzi wa ligi. Tuhuma ilikuwa kwamba kura za baadhi ya mechi za msimu ule zilivuja, na waliovujishiwa wakaweka mikeka. Jina la mwamuzi liko magazetini huko. Mimi silihitaji kwa jibu hili. Kikosi cha polisi kilichosimamia jambo hilo ni kile cha uadilifu wa michezo, na sheria ya jimbo hilo tangu 2013 inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayetumia taarifa chafu za ndani kubetia. Si mzaha.

Msomaji wa Eldoret: "Kwa hivyo yule aliyeshinda 2022 alipewa medali ya wizi?"

Hapana, na naomba tusichanganye mambo mawili. Kuvujisha kura ni kosa moja. Kuzipindua ni kosa lingine kabisa. Ligi ilisema hakuna dalili kwamba kura zenyewe zilichezewa, na matokeo yakabaki yalivyokuwa: Patrick Cripps wa Carlton kura 29, Lachie Neale wa Brisbane kura 28.

Lakini naelewa kwa nini watu wanakunja uso. Mwaka huo ulikuwa na mikosi yake. Mwezi Agosti Cripps alimgonga kwa bega mchezaji wa Brisbane, Callum Ah Chee, akafungiwa mechi mbili. Na kanuni ya Brownlow ni ngumu: ukifungiwa kwa utovu katika msimu, hata ukiwa na kura nyingi kuliko wote, medali huipati, kwa sababu inatafuta mchezaji bora aliye pia muungwana. Carlton wakakata rufaa, wakashindwa mara ya kwanza, wakapanda ngazi ya juu wakashinda kwa hoja za kisheria. Adhabu ikafutwa. Halafu kura tatu za raundi ya mwisho, dhidi ya Collingwood, ndizo zilizomvusha Cripps mbele ya Neale. Na mechi hiyo Carlton walipoteza kwa pointi moja, wakakosa hatua ya mtoano.

Tazama ulivyo mwembamba uzi huo: tofauti ya kura moja, mshindi aliyeponea kwenye rufaa, na aliyegongwa ni mchezaji mwenzake Neale. Miezi miwili baadaye mwamuzi anakamatwa. Mtu asiyeshuku hapo atakuwa malaika. Hata hivyo kushuku si ushahidi. Cripps alirudi mwaka 2024 akachukua medali ya pili kwa kura 45, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na mtu katika mfumo huu wa kura tatu, mbili, moja. Neale naye alikuwa nayo ya 2020, akaongeza ya 2023. Hakuna kati yao anayehitaji huruma yetu.

Msomaji anayeishi Melbourne: "Shikamoo mzee. Watoto wangu wanaupenda huu mchezo. Rafiki yao mmoja ananiambia kuna mchezaji alifungiwa karibu nusu ya msimu kwa kubeti dola thelathini na kitu. Anatutania?"

Marahaba. Hakutanii. Ni Jaidyn Stephenson, wakati huo akiwa Collingwood, kijana aliyekuwa ametoka kuchukua tuzo ya chipukizi bora mwaka 2018. Mwaka uliofuata aliweka mikeka mitatu kwenye mechi alizocheza mwenyewe. Jumla ya fedha zote ilikuwa dola 36. Akajisalimisha mwenyewe kwa klabu. Ligi ikamfungia mechi 22, ila 12 kati ya hizo zikawekwa kiporo, yaani angezitumikia kama angerudia. Akakaa nje mechi 10 na kulipa faini ya dola 20,000.

Klabu hiyohiyo ilikuwa imeshaonja mwaka 2011. Nahodha wake, Nick Maxwell, alikuwa beki. Wiki moja benchi likapanga aanzie mbele. Mchezaji mwenzake Heath Shaw akajua, yeye na rafiki yake wakaweka dola 20 kwamba Maxwell atafunga bao la kwanza. Dau la beki kufunga bao la kwanza hulipa vizuri sana, na unajua kwa nini. Shaw alipewa mechi 14, sita zikawekwa kiporo, akakaa nje nane na faini ya 20,000. Maxwell hakubeti hata senti. Kosa lake lilikuwa kuwaambia ndugu zake nyumbani kwamba ataanzia mbele, nao wakaenda kubeti. Alipigwa faini ya dola 10,000, nusu yake ikasimamishwa.

Watu huona adhabu hizo kama kumpiga mbu kwa rungu. Mimi siungi mkono. Kilichouzwa hapo si dola 20 bali habari ya chumba cha kubadilishia nguo, na habari ya namna hiyo haina bei ndogo, ina wateja wadogo tu kwa leo. Kwa wachezaji na waamuzi wa AFL sheria ni fupi: usibeti mchezo huu popote, na usimwambie mtu cha ndani. Sehemu ya pili ndiyo inayowashinda wengi, maana nani hamwambii mama yake kwamba kesho anacheza mbele? Waambie wanao hivyo, kama wana ndoto za kufika huko.

Msomaji wa Bujumbura: "Si wazitangaze tu kura kila mechi ikiisha, siri iishe?"

Ingeisha, kweli. Chama cha makocha wa ligi hiyohiyo kina tuzo yake, na kura zake hutangazwa kila wiki. Hakuna wa kumvujishia mtu, kwa sababu hakuna cha kuvuja. Lakini pia hakuna nchi nzima inayokesha ikisubiri. Brownlow wanaiuza kwa usiri wake. Bila bahasha zilizofungwa, ule usiku ungekuwa chakula cha jioni cha watu waliovaa vizuri.

Njia rahisi zaidi ingekuwa kukataza dau la kura za mechi moja moja. Hapo mwamuzi mwenye mdomo mwepesi angebaki na umbea tu, usio na mnunuzi.

Msomaji wa Mombasa: "Mbona mnawaonea waamuzi? Wanaokula hela ni wakubwa."

Ndugu, umegonga penyewe, na hapa nitasema ninavyoona.

Ligi inapata mgao kutoka kwa kampuni zinazobetisha mechi zake, na ina mdhamini rasmi wa kubeti. Kwa upande mmoja hilo lina faida: kwa kuwa wamekubaliana, kampuni zinalazimika kupeleka taarifa zikiona mkeka wa ajabu, na ndivyo vijana wengi walivyonaswa. Kwa upande mwingine ligi inakuwa mwenye duka la pombe anayeongoza pia kampeni ya kuacha ulevi.

Nikupe picha moja. Usiku ule wa 2022, aliyesimama kusoma kura za Cripps na Neale alikuwa Gillon McLachlan, mtendaji mkuu wa AFL. Akaondoka kwenye ligi mwaka 2023. Mwaka 2024 akateuliwa mtendaji mkuu wa Tabcorp. Tabcorp ni nini? Moja ya kampuni kubwa kabisa za kubeti Australia. Hakuvunja sheria yoyote, wala simsingizii. Mtu ametafuta kazi akapata. Ila mwambie kijana aliyefungiwa mechi kumi kwa dola 36 asicheke.

Bunge lao halikulala. Mwaka 2023 kamati iliyoongozwa na mbunge Peta Murphy ilitoa mapendekezo 31, kubwa likiwa kuondoa matangazo ya kubeti mtandaoni hatua kwa hatua ndani ya miaka mitatu. Alifariki Desemba mwaka huohuo kwa saratani. Mambo mawili yalikuja haraka: BetStop, daftari la taifa ambamo mtu hujiandikisha mwenyewe ili azuiwe kubeti, Agosti 2023, na katazo la kubeti mtandaoni kwa kadi ya mkopo, Juni 2024. Matangazo ndiyo yaliyokuwa mfupa. Ukikaa sebuleni na watoto ukatazama mpira wenye tangazo la mkeka kila mapumziko, iwe Melbourne au Nyali, huhitaji kamati ya bunge kukueleza tatizo liko wapi.

Msomaji wa Goma: "Imewahi kutokea mtu akanyang'anywa Brownlow?"

Ndiyo. Jobe Watson wa Essendon aliipata 2012, akaipoteza 2016 kwa sababu ya kashfa ya dawa zilizokatazwa michezoni katika klabu yake, ikaenda kwa Trent Cotchin na Sam Mitchell. Hiyo haikuhusu kubeti. Na mwaka 1997 Chris Grant alipata kura nyingi kuliko wote lakini alikuwa amefungiwa mechi moja, ikaenda kwa Robert Harvey.

Msomaji wa Morogoro: "Nipe jina la mwaka huu niweke kwenye mkeka."

Mimi nikiwa na jina kamili kabla ya Septemba, wewe utakuwa unanitafutia wakili.

Msomaji wa Lodwar: "Ni kweli kuna mchezaji wa huko aliyezaliwa huku kwetu Turkana? Naye anaweza kuchukua hiyo medali?"

Ni kweli. Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide, alizaliwa kambi ya Kakuma mwaka 1994, wazazi wake wakiwa wa Sudan Kusini. Mwaka 2021 aliingia kwenye kikosi bora cha msimu cha ligi nzima. Ni mrukaji hasa. Mpira unaopigwa juu kuelekea lango lake mara nyingi huwa umeshapata mwenyewe.

Ila Brownlow, sahau. Waamuzi wa kati hukimbia katikati ya uwanja siku nzima, na wanaowaona karibu ni viungo, ndio wanaopewa kura. Beki wa mwisho kuichukua ni Gavin Wanganeen, mwaka 1993, akiwa na miaka 20. Aliir mwaka huo alikuwa bado hajazaliwa.